Pigo la Kumi na Tatu

Ifahamike kwa walio karibu na walio mbali, kwa wenye masikio na kwa wenye kuyatumia, kwamba Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa tisa kamili alasiri, Baraza Kuu la Roki Ndefu liliketi katika makao yake makuu, likiwa na katibu, ajenda na kanuni, ili kutoa uamuzi wa mwisho kuhusu albamu bora kuliko zote zilizowahi kurekodiwa na binadamu.

Makao makuu yalikuwa chumba cha nyuma cha duka la fundi redio. Katibu alikuwa amevaa kandambili. Ajenda iliandikwa ubavuni mwa boksi la dawa ya minyoo. Na wajumbe walikuwa wanne, ila mmoja wao alikuwa amezikwa miezi minne kabla ya hapo, jambo lililoleta ugumu kidogo katika mahudhurio.

Yote haya yalisikika vizuri kabisa kutoka stoo, ambako mpwa wa fundi redio alikuwa amelala kifudifudi kitandani, sikio limebanwa kwenye ukuta wa plaiwudi. Shuleni walimwita Kengele. Jina hilo alilipata kidato cha pili, alipoigonga kengele ya kuamkia saa moja kabla ya wakati. Wasichana mia tatu walioga maji baridi, wakapanga mistari uwanjani, wakasimama kwa nidhamu kubwa wakisubiri jua ambalo halikuwa na habari nao. Alipewa wiki mbili za kufyeka nyasi, akazifyeka kwa fahari kama mtu anayekagua gwaride.

Mama yake alifanya kazi nchi ya mbali, akiwaogesha wazee wa watu wengine, na alirudi mara moja kila miaka miwili. Kwa hiyo likizo zote, tangu Kengele akiwa na miaka sita, zilikuwa za kwa Mjomba. Kitanda chake kilikaa stoo kati ya rafu mbili za redio zilizokufa. Alizijua zote kwa sura. Usingizi ulipokataa, alizihesabu. Hakuwa na chumba kingine duniani, maana bweni la vitanda arobaini si chumba, ni soko lenye mito.

Ukuta wa plaiwudi ndio uliotenganisha stoo na chumba cha Baraza, na upande wa pili wa ukuta, kikiugusa kabisa, kilikaa kiti cha marehemu.

Marehemu alikuwa fundi saa. Mji mzima ulijua kwamba saa zilizopita mkononi mwake zilikwenda bila kukosea, na watu watatu tu ndio waliojua kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuhesabu. Watu hao watatu ndio waliokuwa wamebaki. Wa kwanza ni Mjomba, fundi redio, aliyeweza kusikia spika inayokaribia kupasuka kutoka ng'ambo ya barabara, lakini hakusikia akiitwa kula. Wa pili ni Mama Dawa, mwenye duka la dawa la jirani, mama mwenye kicheko kikubwa na huruma ndogo. Wa tatu ni Mkaguzi, mstaafu wa idara ya mizani na vipimo, aliyewatesa wachinjaji kwa miaka thelathini na ambaye mpaka leo alining'iniza shingoni saa ya kupimia sekunde.

Wanne hao walikutana wakiwa vijana, kwa sababu ya sanduku la santuri lililoachwa na mpangaji aliyehama bila kuaga. Ndani yake mlikuwa na muziki ambao hawakuwahi kuusikia: roki, lakini roki isiyo na haraka, wimbo mmoja ukimaliza upande mzima wa santuri. Unaanza na filimbi, unapita kwenye dhoruba ya ngoma, mtu anaimba habari za mfalme wa samaki, kinanda kinalia kama kanisa linalozama, na ukidhani umekwisha, kumbe bado dakika kumi na moja. Majina ya bendi hayakuwakaa midomoni, basi kila albamu wakaipa jina la picha iliyo kwenye jalada: Mzee wa Nyuki, Farasi Wawili, Ngazi, Bustani ya Chumvi. Wakaanza kubishana ipi ni bora. Hapo walikuwa na miaka ishirini na kitu. Sasa walikuwa na mvi, na bado walikuwa hawajamaliza.

Mabishano yao yalikuwa na daftari lililoitwa Orodha Kuu. Namba mbili hadi kumi zilikwisha kuandikwa kwa wino baada ya miaka mingi ya kununiana. Namba moja ilikuwa tupu. Mkaguzi na Mama Dawa walisimama na Ngazi. Mjomba na fundi saa walisimama na Bustani ya Chumvi. Wawili kwa wawili, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Jumamosi hiyo walianza kama kawaida. Mama Dawa alidai kwamba mwanzo wa Bustani ni sawa na kusubiri daktari ambaye hajatoka nyumbani. Mjomba akajibu kwamba mpiga gitaa wa Ngazi anajionyesha kama jogoo aliyenunuliwa viatu. Mkaguzi akasema kwamba ameipima Ngazi mara mia na kila sehemu imekaa mahali pake, haipungui wala haizidi. Mjomba akasema hata mizani ya mchinjaji ni sahihi, lakini hakuna aliyewahi kulia kwa ajili yake.

“Wamelia wengi,” alisema Mkaguzi. “Niliwatoza faini mwenyewe.”

Kengele aliuma shuka asicheke. Kisha sauti ya Mkaguzi ikabadilika, ikawa ya chini.

“Tupige kura leo, tumalize. Macho yangu haya yanakwenda, na mwakani sijui. Sitaki kufa namba moja ikiwa tupu.”

Mjomba alisema kanuni hairuhusu. Kanuni ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari, na sahihi nne chini yake: namba moja itapigiwa kura wote wanne wakiwemo chumbani.

“Mmoja amekufa, ndugu yangu,” Mkaguzi alisema polepole.

“Kanuni haijasema wakiwa hai.”

Mama Dawa akasema kwa upole, upole ambao Kengele hakuwahi kuusikia kwake, kwamba watu watatu ni watu watatu, na kwamba kuendelea kumwekea marehemu kiti hakumrudishi. Wapige kura Jumamosi ya tatu kuanzia hiyo, Mjomba apate muda wa kujizoesha. Mjomba akasema sawa, wapige. Lakini siku watakayopiga kura bila mwenzao ndiyo siku atakayofunga chumba. Santuri atazigawa. Ukuta wa stoo atauvunja. Mwenye duka la saruji alikwisha kumuuliza mara mbili kama chumba kinapangishwa, chote na stoo yake.

Upande wa pili wa plaiwudi, Kengele aliacha kuuma shuka. Alitazama rafu za redio, kushoto na kulia. Aliona mifuko ya saruji imepangwa mpaka dari.

Kisha akafanya hesabu. Kura haipigwi mpaka wawepo wote wanne. Marehemu akiwepo, kura ni mbili kwa mbili, hakuna anayeshinda, mabishano yanaendelea, chumba kinabaki. Kilichohitajika ni kitu kimoja kidogo tu, marehemu ahudhurie.

Ilikuwa rahisi kwa sababu ya mkono wa marehemu. Fundi saa alivaa pete nene ya chuma, na kila Bustani ya Chumvi ilipopigwa alifuata mapigo kwa kugonga pete kwenye mkono wa kiti. Kengele alikua akiusikia mlio huo, ko, ko, ko, ukipita plaiwudi na kuingia ndotoni, ingawa hakuwahi kuyahesabu mapigo yake. Sasa alinyoosha mkono rafuni, akachukua nati ya chuma, akaivaa kidoleni. Iliingia kama iliyopimwa.

Upande wa pili wa ukuta Mjomba alikuwa ameweka Bustani ya Chumvi, upande B, akisema ni kwa heshima. Ulikuwa wimbo mmoja, dakika ishirini na tatu, sehemu saba. Hakuna mjumbe aliyeruhusiwa kusema sindano ikiwa kwenye santuri, na aliyekohoa alinyimwa chai. Kengele alisubiri mpaka sehemu ya nne, pale gitaa linapotoka na kuacha filimbi na ngoma peke yao. Hapo mapigo hayaendi kwa nne wala kwa sita. Yanakwenda kwa kumi na tatu, mizunguko tisa, kama mtu anayetembea na mguu mmoja mrefu. Akahesabu, akaanza kugonga ubao, taratibu, usawa wa mkono wa kiti.

Ko. Ko. Ko.

Kikombe kiligusa sahani upande ule, kikatetemeka, kikanyamaza. Kengele aligonga mizunguko yote tisa, kumi na tatu kila mmoja, akaacha gitaa liliporudi. Alichungulia kwenye tundu la msumari. Mama Dawa alikuwa ameshika kifua. Mjomba alikuwa akitazama kiti, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Kengele hakuwa amekiona kwa miezi minne. Hakikuwa tabasamu bado, lakini kilikuwa njiani. Mkaguzi alitazama saa yake ya sekunde, akatazama kiti, kisha akatazama plaiwudi moja kwa moja, kwenye tundu la msumari, kwa muda mrefu. Baadaye akafunga daftari.

Wiki hiyo Mjomba alikula. Alipiga mluzi akichomelea nyaya. Alikifuta kiti cha marehemu kwa kitambaa chenye maji, akakisogeza sentimita mbili kielekee spika vizuri, na Kengele alimsikia akikisemesha, maneno mawili matatu, kama unavyomwambia mtu avute kiti asogee. Kengele alijisifu kimyakimya. Alifikiri kwamba madaktari wengi wangeweza kujifunza kwake.

Jumatano mchana aliingia chumbani kuchukua ufagio. Dirisha lilikuwa limefungwa, jua limeingia kwenye kioo na kulala sakafuni. Kiti cha marehemu kilikuwa na mto wa ngozi bandia, wa zamani, wenye tundu dogo pembeni. Ukikaa, ulitoa pumzi: fyuu. Ukiinuka, uliivuta tena, taratibu, kwa sauti nyembamba zaidi. Kengele alikuwa amempa kiti mgongo, mkono uko kwenye ufagio, aliposikia mto ukivuta pumzi.

Aligeuka. Katikati ya mto palikuwa na bonde, na bonde lile lilikuwa likijaa, polepole, mpaka ngozi ikawa bapa.

Joto, alijiambia. Ngozi ikipata joto hujitanua, walifundishwa hata kwenye fizikia. Akachukua ufagio akatoka, na ingawa hakukimbia, hakufagia chumba kile siku hiyo wala iliyofuata.

Jumamosi ya pili hakuwepo. Mjomba alimtuma kupeleka amplifaya ya ukumbi wa sherehe, upande wa pili wa mji, na mwenye ukumbi alitaka ijaribiwe mbele yake. Kengele alilalamika tumbo, kichwa na goti, yote hayakufaa. Saa tisa kasoro robo alipita mbele ya duka la dawa, amplifaya kichwani, akamwamkia Mama Dawa aliyekuwa akifunga mlango. Alifika, akasubiri funguo, akaunganisha nyaya, akasema “moja mbili, moja mbili” kwenye kipaza sauti mbele ya viti mia nne vitupu, akarudi kwa miguu. Njiani alijipa moyo. Jumamosi moja bila marehemu si tatizo. Hata walio hai hukosa mikutano.

Alifika saa kumi na moja, vumbi mpaka vifundoni. Chumba cha nyuma kilikuwa kimya, lakini si kimya kamili. Santuri ilikuwa imekwisha na bado ilikuwa ikizunguka, sindano ikikwaruza mfereji wa mwisho: shhh-tk, shhh-tk. Mjomba, mtu ambaye angeweza kuacha nyumba iungue ili awahi kuinua sindano, alikuwa ameketi akiiacha. Chai ilikuwa imeganda utando. Mama Dawa alikuwa amemshika Mjomba mkono, na hakuna kati yao aliyeonekana kukumbuka kwamba ameshikana na mwenzake.

“Amekuja tena,” Mjomba alisema.

Kengele karibu acheke. Basi mzimu wake ulikuwa umeanza kujitegemea. Alikuwa amesikia kwamba ukishapanda wazo kichwani mwa watu, humea lenyewe, lakini hakutarajia limee haraka hivi. Akauliza, kwa uso wa mtoto mwema, kama alipiga vizuri.

“Alipiga kama yeye,” alisema Mjomba.

Mkaguzi aliinama kidogo. Alikuwa akitazama miguu ya Kengele, vumbi lile, kutoka vidoleni mpaka vifundoni na kurudi.

Wiki ya pili ilikuwa ndefu. Mjomba alikula kidogo, akawa anasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma bila kuingia. Mama Dawa hakucheka dukani kwake, hata mteja alipoomba dawa ya kumfanya mkwe aondoke. Kengele aliona mambo yamezidi kipimo, lakini kura ilikuwa Jumamosi, na mwenye saruji alikuwa amepita kupima chumba kwa hatua zake, moja, mbili, tatu, akihesabu kwa sauti. Haikuwa wakati wa kurudi nyuma. Kengele aliamua kufanya kazi safi, ya mwisho, ambayo hata Mkaguzi hangepata mahali pa kuitilia shaka. Alifanya mazoezi kwa rula kwenye godoro. Kumi na tatu, mara tisa, bila kutetereka.

Jumamosi ilipofika, alisikia viti vikivutwa. Mkaguzi aliwaomba wote waweke viganja juu ya meza, wazi, ili ionekane hakuna anayegonga. Mjomba akauliza kuna nini. Mkaguzi akasema ni utaratibu tu. Kisha akaomba Bustani ya Chumvi, upande B, yeye ambaye tangu ujana hakuwahi kuiomba.

Sehemu ya nne ilipofika, Kengele alivaa nati, akagonga. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Kila pigo lilianguka ndani ya pigo la ngoma kama ufunguo kwenye kufuli lake. Mizunguko tisa. Alipomaliza alikuwa na kijasho chembamba na furaha tele. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, filimbi ikafifia, sindano ikaingia kwenye mfereji wa mwisho.

Shhh-tk. Shhh-tk.

Kandambili zikaburuzika sakafuni. Mlango wa stoo ukafunguliwa.

“Toka, mwanangu,” Mkaguzi alisema. “Na hicho kilicho kidoleni.”

Alitoka. Mkaguzi alipokea nati, akaipima kiganjani kwa mazoea, akaiweka katikati ya meza, mahali ambapo kila mtu aliiona. Mama Dawa alisema mtoto huyu ana adabu za nyani. Mjomba hakumtazama kabisa, na hilo lilikuwa baya kuliko nyani.

Mkaguzi hakufoka. Alieleza kama anayesoma ripoti. Alijua tangu Jumamosi ya kwanza. Sehemu ya nne ina mapigo kumi na tatu, na mgongaji wa siku ile aliyapata yote kumi na tatu. Marehemu hakuwahi kuyapata. Kwa miaka yote ile alihesabu kumi na mbili, akadhani amefika, akabaki na kidole hewani, na muziki ukapiga hatua moja zaidi bila yeye, kama mtu anayeshuka gizani akidhani amekanyaga chini kumbe bado kidogo. Kila mzunguko, mara tisa. Na mwisho wa sehemu, kanuni ya kutosema haikumzuia kuinong'onezea santuri: samahani.

“Saa za watu aliziweza,” alisema Mkaguzi. “Ile hakuiweza. Wewe uliiweza, kwa hiyo si yeye.”

Kengele aliuliza, huku akiangalia sakafu, kwa nini basi hakusema siku ile ile.

“Nilimtazama mjomba wako usoni. Nikaona nisubiri.”

Shhh-tk, ilisema santuri. Hakuna aliyeinuka kuinua sindano.

“Sasa niambie,” Mkaguzi aliendelea, na hapo sauti yake ikapoteza ripoti yote. “Jumamosi iliyopita.”

“Sikuwepo, Mzee. Nilikuwa ukumbini.”

“Najua. Nilimpigia simu mwenye ukumbi.”

“Nilimwona mimi,” alisema Mama Dawa. “Saa tisa kasoro robo, amplifaya kichwani. Nimewaambia wiki nzima.”

Kengele aliinua macho. Aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta kona ya mdomo inayocheza, kwa sababu yeye ni mtaalamu na huwa anaijua. Hakuiona.

“Alikosea,” Mjomba alisema, kwa mara ya kwanza. “Wiki iliyopita. Kumi na mbili, halafu kimya. Mizunguko yote tisa, palepale.”

“Na mwisho aliomba radhi,” alisema Mama Dawa, akavuta mtandio mabegani ingawa chumba kilikuwa na joto.

Ndiyo maana Mkaguzi alitaka leo msichana awe stoo na mikono yote iwe mezani. Alitaka kujua ni yupi. Kama leo nayo ingekosewa, alisema, asingejua afanye nini. Lakini leo ilikuwa sahihi, basi leo ilikuwa ni mtoto, na labda iliyopita ilikuwa masikio ya wazee watatu yaliyotamani. Alisema hivyo akivuta daftari. Wapige kura sasa. Alifungua kalamu. Mjomba aliinamisha kichwa, na Kengele akajua kwamba mifuko ya saruji ilikuwa imeshafika.

Mto wa kiti cha marehemu ukatoa pumzi.

Fyuu.

Ulitoa taratibu, yote, kama unavyotoa mtu mzito akijishusha kwa uangalifu kwa sababu ya magoti. Kalamu ya Mkaguzi ilisimama juu ya karatasi. Mikono sita ya wajumbe ilikuwa juu ya meza. Miwili ya Kengele ilikuwa imening'inia, mitupu, mbele ya watu wote. Nati ilikuwa katikati ya meza.

Ko, kilisema kiti. Ko. Ko. Ko.

Kengele alihesabu. Hakutaka, lakini alihesabu, midomo ikicheza bila sauti. Nane. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Kisha kikawa kimya, na ndani ya kimya hicho kulikuwa na nafasi, upana wa pigo moja, iliyokaa hewani juu ya mkono wa kiti kama kidole kilichoinuliwa. Pigo la kumi na tatu Kengele alilisikia moyoni mwake mwenyewe, halikupigwa mahali pengine popote.

Hakuna aliyekimbia. Baadaye Kengele alijiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu pekee alilopata ni kwamba hakuna mjumbe aliyewahi kuondoka mkutano kabla ya chai.

Yeye ndiye aliyesema kwanza, kwa sababu alikuwa hawezi tena kusimama bila kusema. Alikiri yote. Jumamosi ya kwanza ni yeye. Ya leo ni yeye. Hakufanya kwa kuwacheka, au alicheka kidogo tu, siku ya kwanza. Alifanya kwa sababu ya chumba. Kura isipigwe, mwenye saruji asije, redio zisitupwe. “Likizo sina pengine pa kwenda, Mjomba,” alisema. “Ningeomba tu, lakini sijui kuomba. Najua kugonga.”

Mjomba alinyanyuka, akaenda akainua sindano. Hakuikwaruza santuri. Aliporudi alipita nyuma ya Kengele, akamwekea kiganja utosini, kizito, akakiacha hapo.

Mkaguzi alikuwa akiandika. Alisoma kwa sauti alichoandika, kama katibu anavyopaswa. Wajumbe waliohudhuria: wanne. Kura: mbili kwa mbili. Uamuzi: hakuna. Mjadala utaendelea Jumamosi ijayo, saa tisa kamili. Kisha akaandika chini kidogo kwamba stoo ina mpangaji, na mpangaji asiguswe.

“Na namba moja?” aliuliza Mama Dawa.

“Itakaa tupu,” alisema Mkaguzi, akafumba macho yake mabovu. “Sasa naona si vibaya kuacha kitu cha kurudia.”

Mama Dawa alimimina chai, vikombe vitano, na hakuna aliyeuliza cha tano ni cha nani. Kengele alipewa chake kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwa Baraza. Alikuwa amepuliza mara moja tu Mjomba alipomgeukia.

“Miaka yote hiyo umesikiliza nyuma ya ubao. Wewe ungechagua ipi?”

Ilikuwa rahisi kudanganya. Mjomba alikuwa akimtazama kwa matumaini, na kiti cha marehemu kilikuwa hatua mbili tu kutoka gotini mwake, mto wake bado umebonyea, katikati, upana wa mtu. Alitazama bonde lile. Halikuwa likijaa. Lilikuwa likisubiri, nalo pia.

Akaweka kikombe chini.

“Ngazi,” alisema kwa sauti ndogo, na hakumwambia Mjomba, alikiambia kiti. “Samahani.”